Upande wa Kulia wa Nyumba ya Mosoti

Mosoti alitengeneza vigoda, viti na mabenchi kwa miaka saba katika nchi ya chai, na hakuna aliyewahi kumwona akikalia hata kimoja kwa zaidi ya dakika mbili. Akila, alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi. Akiongea nawe, alikuzunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Mkewe, Bosibori, alisema kwamba yeye aliolewa na miguu, mwenye miguu bado hajafika. Watu walicheka, na Mosoti alicheka pamoja nao, huku akizungukazunguka.

Alikuwa Mgusii. Useremala na kusoma alijifunzia kwa wamisheni wanaoshika Sabato, wakambatiza, wakampa Agano Jipya la Kiswahili lenye jalada jeusi. Mwaka wa 1925 akavuka mpaka kuja pande za Mogogosiek, ambako Wazungu walikuwa wakifyeka msitu ili wapande chai. Kwanza aliwatengenezea mipini ya mashoka, kisha milango, na kiwanda kilipojengwa akawa fundi wa masanduku. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini alipewa kitu ambacho wafanyakazi wengine hawakukipata: nyumba ya peke yake mwisho wa kambi, yenye kishamba cha mahindi upande mmoja na nyasi tupu upande wa kulia.

Jumamosi, siku ya Sabato yao, ambayo waliruhusiwa kuilipia kwa kazi ya Jumapili, Wagusii wachache walikusanyika katika kibanda cha mbao nyuma ya karakana, na Mosoti akawa mwalimu wao. Hakuna aliyemteua. Yeye ndiye aliyejua kusoma, yakaishia hapo. Kitabu kilikuwa cha Kiswahili, na Kiswahili cha wasikilizaji wake kiliishia kwenye "lete", "chukua" na "maliza kazi". Kwa hiyo Mosoti alisoma mstari, akainua macho, akaueleza kwa Kigusii. Alikuwa mlango wa pekee wa kuingilia katika kitabu kile, na mlango ukikifunga chumba kimoja, ni nani angejua?

Chumba alichokifunga kilikuwa cha mwisho wa habari, pale Bwana anapokufa.

Tusimwonee. Kwao, mtu aliyekufa akining'inia mtini hakuwa marehemu kama marehemu wengine. Hakuzikwa kando ya nyumba yake. Alizikwa nje ya ua, upesi, na watu wachache wasiotazamana usoni. Hakuliliwa: mama yake alizuiwa ndani na wanawake wenzake, na sauti ikimtoka walimwambia aimeze. Mti wenyewe uling'olewa na mizizi yake ukachomwa. Aliyeikata kamba ilibidi atakaswe kwa kondoo, la sivyo balaa lingehamia nyumbani kwake, na watoto wa marehemu walikua wakinong'onwa kisimani. Sasa wewe simama mbele ya watu hao, uwaambie kwamba Mwana wa Mungu alikufa juu ya mti, nao wamfuate.

Sabato ya kwanza alipofika mahali pale, Mosoti alisoma kwa Kiswahili, akainua macho, akaona wazee wawili wamemkodolea macho, na ulimi ukamgandia. Ndipo akaukumbuka mkuki. Yohana anasema askari mmoja alimchoma Bwana ubavuni kwa mkuki. Mkuki ulikuwemo kitabuni, Mosoti hakuutunga. Akauinua mkuki, akauangusha mti. Akawaambia Bwana alikufa kwa mkuki wa askari, mchana, mbele ya watu, na hakukimbia. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Hicho kilikuwa kifo cha mwanamume.

Baada ya hapo ikawa rahisi, kama uongo wote unavyokuwa rahisi ukishavuka wa kwanza. Watu wanne wakawa ishirini, ishirini wakawa sitini. Mara moja kila mwaka alikuja mmisheni mzungu kuwahubiria kwa Kiswahili, na Mosoti akawa mkalimani. Mwaka mmoja Mzungu yule, akiwa na machozi machoni, alinyoosha mikono yake miwili huku na huku, akakaa hivyo muda mrefu ili waone jinsi Bwana alivyotundikwa. Watu wakamgeukia Mosoti. Mosoti akakohoa, akaeleza kwamba bwana mkubwa anasema anawakaribisha nyote. Wakapiga makofi, Mzungu akafurahi sana.

Mtu mmoja tu pale shambani angeweza kumuumbua, naye hakujua Kigusii. Huyo alikuwa Owino, Mjaluo wa kando ya ziwa, nyapara wa wafyekaji. Alikuwa amebatizwa kwa mapadri, na shingoni alivaa mnyororo wenye msalaba wa shaba na kijitu kidogo juu yake, kimenyoosha mikono. Watu wa Mosoti waliamini kuwa ile ni hirizi ya Kijaluo, na Mosoti hakuona sababu ya kuwasahihisha. Lakini kila Owino alipoingia karakana kuchukua mpini, Mosoti alikuwa na jambo la kufanya upande wa pili wa chumba.

Kati ya wafyekaji wa Owino alikuwamo kijana Mgusii aitwaye Osoro. Hakukuwa na mpanda miti kama yeye. Kabla mti mkubwa haujaangushwa, mtu hupanda kupunguza matawi ili usiponde miche ya chai, na kazi hiyo ilikuwa ya Osoro: alijifunga kamba kiunoni, akaizungusha kwenye shina, akakwea shoka likining'inia mkononi, na huko juu aliimba. Aliishi kambini na mama yake, Mokeira, mwanamke mkimya aliyechota maji baada ya wengine wote kuchota. Sababu ilijulikana. Baba yake Osoro alijinyonga miaka kumi nyuma, huko kwao, na mama na mwana walihamia nchi ya chai kwa sababu huku hakuna aliyewajua. Ilichukua mwezi mmoja tu habari kuwafikia. Maneno hayahitaji kupewa njia.

Osoro hakuingia kibandani siku za Sabato. Alikaa nje chini ya dirisha, akichonga kijiti, na walipoimba mguu wake ulitikisika.

Jumatano moja ya Aprili mwaka wa 1932, mvua ikinyesha, alikuja karakana kuazima tupa ya kunolea shoka. Alipopewa hakuondoka. Alisimama akichezea maranda ya mbao juu ya meza, kisha akasema bila kuinua macho, "Mwalimu, katika kitabu chako, kuna mtu aliyekufa kama baba yangu?"

Mosoti alikuwa akipiga randa. Hakuacha. Aliwaza wale sitini, aliwaza wazee wawili na jinsi walivyoguna. Akafikiri kwamba Osoro akijua leo, kesho kambi nzima itajua.

"Hakuna," akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Osoro akayapuliza maranda yakaanguka chini. "Nilitaka kujua tu," akasema. Akachukua tupa, akashukuru, akaenda zake mvuani.

Siku ile Mosoti aliharibu mbao tatu. Alhamisi alikwenda mara mbili hadi ukingo wa msitu, mara mbili akarudi, akijiambia kwamba wakati wa kazi haufai kwa mazungumzo. Usiku alimwambia Bosibori kwamba tumbo linamsumbua. Bosibori, ambaye tumbo lake mwenyewe lilikuwa la miezi saba, alimtazama tu.

Ijumaa, karibu saa sita mchana, Owino aliingia karakana akiwa amelowa, akaomba ngazi.

Mosoti aliuliza ya nini. Owino akaeleza kwa kifupi. Osoro alitangulia msituni alfajiri, peke yake, kabla ya wenzake. Walipofika walimkuta juu ya mti, kamba imempanda hadi shingoni, amekufa. Watu arobaini wameweka mashoka chini na hawataki kusogea. Meneja amefika juu ya farasi, amesema yeye hataki kujua mila ya mtu, ila kengele ya jioni isilie huyo bado yuko pale, kisha amegeuza farasi. Na ngazi ndefu iko kwa fundi peke yake.

Mosoti akasema ngazi ile pale, ichukueni. Owino akaibeba begani, akatoka. Mosoti akachukua randa, akaliweka chini. Akachukua nyundo, akaiweka. Akaizunguka meza mara tatu, kisha akatoka mbio bila kofia, akamkuta Owino njiani, akashika upande wa pili wa ngazi.

Wafyekaji walikuwa wamesimama mbali, wameupa mti mgongo. Walipomwona mwalimu wao walimpisha, lakini hakuna aliyemfuata. Mzee mmoja wa Kipsigis, mchunga ng'ombe wa shamba, alikuwa amekuja kutazama. Alimshauri kwa upole kwamba akishashushwa aachwe upande wa machweo, fisi wamchukue, kama walivyofanyiwa babu zake yeye mwenyewe. Hakusema kwa dharau, ndivyo nchi yake ilivyowaaga watu wake. Mosoti alimshukuru, akatikisa kichwa. Kutoka kambini hakukusikika kitu. Mokeira alikuwa ndani ya nyumba, wanawake wawili wamemshika mikono.

Ngazi ikaegemezwa. Hapo mambo yakasimama.

"Fundi, ngazi iko," Owino akasema. "Mtu ya kupanda ndio hakuna."

Mosoti akamuuliza kwa nini yeye mwenyewe, nyapara, asipande.

"Mimi iko na watoto nne. Hata kwetu hii kitu ni mbaya sana. Nyinyi watu ya Sabato ndio husema hamuogopi."

Mosoti akauzunguka mti. Akauzunguka tena. Hakuthubutu kutazama juu, akatazama chini, na chini palikuwa na viatu vya Osoro vilivyotengenezwa kwa mpira wa gurudumu, vimepangwa vizuri kimoja kando ya kingine, kwa sababu alipanda miti miguu mitupu. Alimwaza Bosibori na tumbo lake. Aliwaza kondoo ambaye hana, na kwamba hata angekuwa naye, mwalimu wa Sabato hatakaswi kwa kondoo. Hofu ilimshika, na hasira ikamjia, kwanza juu ya Osoro, kisha juu ya watu arobaini, mwisho ikarudi mahali pake.

Owino alikuwa akikisugua kijitu cha shaba kwa kidole gumba, kama alivyozoea akiwa na wasiwasi. "Hata huyu alikaa juu ya mti," akasema polepole. "Na kuna watu walimtoa. Padri alituambia, lakini jina nimesahau."

"Yusufu," Mosoti akasema. Kwa muda wa miaka saba hakuwahi kulitamka. "Alikuwa tajiri. Alikwenda kwa mkubwa wa serikali, akamwomba mwili. Na mwenzake, Nikodemo."

"Walikuwa wawili?"

"Wawili."

Owino akavua koti, akalitundika kwenye kichaka. "Basi panda," akasema. "Mimi nitashika miguu."

Mosoti akapanda. Alikuwa seremala, na hata katika hali ile macho yake yaliona vitu: fundo la kamba lilikuwa lile lile la kila siku, la kiunoni, shoka lilikuwa limekwama ndani ya tawi, tawi limekatwa nusu. Mtu akiteleza, kamba iliyolowa inaweza kumpanda hadi shingoni. Lakini pia mtu anaweza kukata tawi nusu, akachoka na dunia. Mosoti alilitazama tawi lile mpaka Owino alipomwita kutoka chini. Katika maisha yake yote yaliyobaki alilirudia tawi lile kichwani, siku nyingine likisema hivi, siku nyingine vile. Akakata kamba. Uzito ukamshukia begani, Owino akapokea miguu, wakateremka hatua kwa hatua, na watu arobaini hawakugeuka.

Sasa walikuwa na maiti na hawakuwa na kaburi. Makaburi ya kambi yalikuwa ng'ambo ya kijito, na walipofika kwenye daraja walimkuta mzee Momanyi, mmoja wa wale wawili wa kuguna, amesimama katikati na fimbo. Alikuwa amemzika mwanawe kule. Alisema, bila ukali, kwamba mwanawe hatalala na huyu. Mosoti akarudi hatua moja nyuma, kwa maana kila alichokijua mzee yule juu ya Mungu alikuwa amekipata kwake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hiki kilikuwa kimeanza kumuumbua Mosoti kwenye daraja, mchana, mvuani.

"Tunaenda wapi?" Owino akauliza.

Mosoti akatazama wingu lililoficha jua. Sabato huingia jua likizama, na leo jua lenyewe halionekani, ni kengele ya kiwanda tu itakayosema. Saa tatu zilibaki, pengine chini ya hapo.

"Nyumbani kwangu," akasema.

Mgusii mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mkewe upande wa kushoto. Nyumba ya Mosoti ilikuwa mali ya shamba la chai, lakini moyoni, kila alipopita kwenye zile nyasi za upande wa kulia, alijua kwamba mauti yakimkuta huku ugenini, kabla ya kurudi kwao, pale ndipo pake. Hakupanda kitu pale. Walipoilaza maiti chini ya ukingo wa paa, na Mosoti akaingia ndani kuchukua jembe, Bosibori alikuwa amesimama katikati ya nyumba, mikono juu ya tumbo. Alikuwa ameshaona yote kupitia mlangoni.

"Baba Kemunto," akasema, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "pale ni mahali pako."

"Najua."

"Mtu wa mtini unamlaza mahali pa mwenye nyumba. Na mimi nimzae mtoto huyu humu humu, ukuta mmoja kati yetu."

Mosoti akasema kweli, kwamba hana mahali pengine, na kwamba ana deni kwa Osoro ambalo hawezi kulieleza sasa. Bosibori akamwambia atoke. Akatoka. Alianza kuchimba, na udongo uliolowa ukawa mzito kama chuma. Owino akaenda kuchota maji. Wakaosha mwili kwa kipande walichokichana kwenye koti la Owino, uso kwanza, wakamfumba macho. Mosoti alikwenda karakana, akarudi na gunia la kubebea mkaa, kwa sababu hakuwa na kingine.

Ndipo kitu cheupe kikarushwa kutoka mlangoni, kikamgonga kifuani. Kilikuwa kitambaa cha amerikani, dhiraa sita, ambacho Bosibori alikuwa amekinunua kwa ajili ya mtoto na kukifungia sandukuni. Hakutoka nje. Sauti yake ilisikika ndani, ikitetemeka kwa hasira. "Usimzike mtoto wa watu na gunia," akasema, na mlango ukafungwa.

Wakamfunga Osoro kwa nguo ya mtoto, wakamshusha, wakamfukia. Mosoti alikuwa akisawazisha udongo kwa nyuma ya jembe kengele ilipolia. Owino akavaa koti lake lililochanika, akasema ataoga mtoni kabla ya kurudi kwa watoto wake, akaondoka. Hakuna aliyelia, hakuna aliyesema neno lolote juu ya kaburi. Mosoti alijua maneno, ila hakuona kama yanafaa kutoka kinywani mwake.

Jumamosi, kibandani walikuja watu tisa. Mabenchi aliyoyatengeneza kwa watu sitini yalionekana marefu sana. Mzee Momanyi alikuja, pengine kwa udadisi, akakaa mbele na fimbo yake. Bosibori alikuja, akakaa nyuma kabisa bila kumtazama mumewe. Watu walipomaliza kuimba, kwa sauti za kusuasua, mlango ukafunguliwa akaingia Mokeira. Hakuwahi kuingia kabla ya siku hiyo. Hakukalia benchi. Alikaa chini, karibu na mlango, nguo imemfunika kichwa, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Hakuna aliyemsalimu.

Mosoti akafungua kitabu, akasoma kwa Kiswahili. Akainua macho. Akakiweka kitabu juu ya benchi. Alianza kueleza kwa Kigusii, akaanza tena, na mara zote mbili neno likamkwama, kwa sababu kwa miaka saba hakuwahi kulitafutia njia. Basi akafanya alichomwona Mzungu akifanya. Akanyoosha mikono yake miwili, huku na huku, akasimama hivyo. Na Mosoti, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ametulia, alitulia mpaka mabega yakaanza kumuuma.

"Alikufa hivi," akasema. "Walimtundika mtini akiwa hai, akafia hapo. Mkuki ulikuja baadaye, akiwa ameshakufa. Niliwaambia mkuki tu, kwa sababu niliwaogopa. Nilijua, na niliwaficha."

Momanyi akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Mtu mmoja akasimama, akatoka, na mwingine akamfuata.

"Kuna jingine," Mosoti akasema, na sasa aliteremsha mikono, akamgeukia mwanamke aliyekaa chini. "Mama, Jumatano Osoro aliniuliza kama kitabuni kuna mtu aliyekufa kama baba yake. Nikamwambia hakuna."

Nje, mvua ilikuwa imeacha na matone yalidondoka kutoka paani. Mokeira akainua kichwa. Alimtazama Mosoti kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali, akijaribu kukijua.

"Ungemwambia," akasema. "Ungemwambia tu."

Lililosalia kwa Mosoti lilikuwa kusimama pale atazamwe, akasimama.

"Huyo wako," Mokeira akasema baadaye, "mama yake alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Walimfungia ndani?"

Mosoti akakichukua kitabu. Alipajua mahali pale, lakini alitaka kupaona kwa macho yake. Akapekua, akasoma kimya, akaweka kidole. "Hapana, mama. Hawakumfungia. Alikuwa pale pale, karibu na mti. Alisimama akimtazama mwanawe."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Na hawakumfukuza."

"Hawakumfukuza. Imeandikwa hapa."

Mokeira akaitazama ile karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Kisha akasimama kwa kujishikilia mlangoni, akatoka. Walimwona kupitia dirishani akivuka uwanja wa karakana, akipita kambi yote, kila mlango ukiwa na watu, mpaka nyumba ya mwisho. Akafika upande wa kulia. Akapiga magoti juu ya udongo mbichi, akaweka viganja vyake viwili chini, akalia. Hakulia kilio cha jana tu. Kilikuwa pia cha miaka kumi, cha mume aliyekatazwa kumlilia, na kilipotoka kilisikika hadi kiwandani, hadi ng'ambo ya kijito, hata wachumaji chai wakasimama na vikapu vyao migongoni.

Mzee Momanyi akainuka. Alitoka nje akasimama, fimbo mkononi, akitazama upande ule, na Mosoti akadhani anakwenda kumnyamazisha. Mzee hakwenda. Lakini Bosibori alikuwa ameshampita, akitembea kwa shida kwa ajili ya tumbo lake. Alifika kaburini, akajishusha polepole, akakaa chini kando ya Mokeira, akaanza kulia naye.

Hakuna aliyewanyamazisha.